Kompyuta Haichani Mbao

*Mwongozo wa kutumia taarifa katika kuamua mambo ya kazi, kwa wenye viwanda vidogo, maghala na vikundi vya Mafinga*

Ijumaa saa kumi jioni, ukungu unaanza kushuka Kinyanambo, na simu inaita. Ni mnunuzi wa Dar es Salaam. Anataka mbao 600 za 2×6, futi 12, kavu, Fuso ipakie Jumatatu asubuhi. Ukikubali, anatuma nusu ya fedha sasa hivi. Unamgeukia kijana wa uwanjani: "2×6 kavu zipo ngapi?" Naye, kwa heshima zote: "Zipo nyingi, bosi."

Ukikubali zikapungua, utakimbilia kwa jirani kununua kwa bei ya shida. Ukikataa kumbe zilikuwepo, umempoteza mteja na mtaji wako unaendelea kunyeshewa uwanjani. Kilichokosekana ni namba moja. Namba hiyo imepita mikononi mwa watu wako mara tatu: mbao zilipochanwa, zilipopangwa zikauke, na zilipouzwa. Hakuna aliyeiandika mahali ambapo wewe ungeiona Ijumaa saa kumi jioni.

Mwongozo huu ni wa kuipata namba hiyo na ndugu zake wachache. Mfano wangu mkuu ni kiwanda cha mbao, maana hiyo ndiyo kazi ya mji huu uliozungukwa na misindano na mikaratusi ya Sao Hill. Mwenye duka la pembejeo, mweka hazina wa SACCOS, mganga mfawidhi wa zahanati na mkuu wa shule binafsi wataona njia ni ile ile. Pale ninaposema mbao, wao waweke mifuko ya mbolea, mikopo, dawa au ada.

Kwa nini uamuzi utangulie mashine

Wengi huanza kwa kununua. Kompyuta inaletwa, inawekwa juu ya meza ya karani, inafunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi la mbao, na baada ya miezi sita kazi yake ni kupiga muziki. Hakuna aliyekuwa na swali la kuiuliza.

Nchi nzima ilishawahi kupita njia hiyo. Kompyuta ya kwanza nchini ililetwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine zilivurugika, wenye ujuzi wa kuisimamia walikuwa wa kuhesabika, na mwishowe serikali ikarudi kwenye utaratibu wa zamani. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku, na marufuku ile ililegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata. Siku hizi watu huisimulia kama kichekesho. Mimi naiona kama kilio cha mtu aliyelipa fedha nyingi akapata karatasi nyingi.

Wakati huohuo huko Marekani, mwaka 1967, mtaalamu wa uongozi Russell Ackoff aliandika kwamba tatizo kubwa la mameneja si uhaba wa taarifa wanazozihitaji, bali ni kuzikwa na taarifa wasizozihitaji. Fungua makundi ya WhatsApp ya kazi yako asubuhi moja, uhesabu jumbe, kisha uhesabu ngapi zilikusaidia kuamua chochote. Utamwelewa.

> KISANDUKU: Chai, keki na kompyuta
>
> Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi ya biashara haikuwa ya benki. Ilikuwa ya Lyons, kampuni ya London yenye migahawa ya chai na viwanda vya mikate. Mashine iliitwa LEO, na ilianza kazi hiyo mwaka 1951. Sisi wa huku Mufindi, tunaoiona chai ingali kichakani, tunaweza kujidai kidogo.
>
> La kuiga ni namna walivyoagizia migahawa bidhaa. Kila mgahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida, na msimamizi alipiga simu kutaja mabadiliko tu. Kisichobadilika hakikuandikwa upya. Fanya hivyo na vibarua wako: orodha ya watu 14 inakaa palepale, karani anaandika asiyekuja.

Tenganisha maamuzi yako kwanza

Maamuzi hayalingani umri, na kila umri una chakula chake.

*Ya leo.* Rundo lipi lipakiwe, mteja yupi akopeshwe, magogo yapi yapande mashineni. Haya yanataka kumbukumbu ya tukio lililoandikwa leo hii. Ya jana yameshachelewa.

*Ya mwezi.* Bei, idadi ya vibarua, saizi ipi ichanwe zaidi. Haya yanataka majumla, na yanataka mwezi huu ukae kando ya mwezi uliopita, na ikiwezekana kando ya mwezi kama huu wa mwaka jana. Machi yenye barabara za msituni zisizopitika huwezi kuilinganisha na Agosti.

*Ya miaka.* Kununua mashine, kuchukua mkopo, kupanda miti. Msindano unahitaji takriban miaka 18 hadi 25 kabla ya kuvunwa kwa mbao, kwa hiyo hakuna ripoti ya wiki itakayokuamulia. Hapa unahitaji kujaribu hesabu kwa makadirio mbalimbali, kama nitakavyoonyesha mbele.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kulisha uamuzi wa miaka kwa taarifa ya leo. Bei inapanda wiki mbili, mtu anakopa anunue mashine ya pili. Bei inashuka, mashine imeshafungwa.

Hatua ya 1: Andika maswali matano yanayokunyima usingizi

Matano tu. Yaandike kama maswali, kwa mkono, na mbele ya kila swali jaza mambo manne: nani anaamua, anaamua lini, anahitaji namba gani, na namba hiyo leo iko wapi. Mfano:

1. Je, nikubali oda hii? Naamua mimi, muda wowote simu inapoita. Nahitaji idadi ya mbao kavu kwa kila saizi. Leo iko kichwani mwa kijana wa uwanjani.
2. Je, magogo haya yalinilipa? Mimi na msimamizi, kila Jumamosi. Nahitaji ujazo wa magogo yaliyoingia, mbao zilizotoka na gharama. Leo: kipande kipo kwenye daftari, kipande kwenye risiti, kipande hakipo.
3. Je, nimkopeshe mteja huyu? Karani wa mauzo, kila siku. Nahitaji deni lake na siku zilizopita tangu akope. Leo liko kwenye jumbe za simu.

Safu ya mwisho ndiyo ya kusoma kwa makini. Mara nyingi utagundua kwamba majibu yapo tayari, ila yamelala sehemu tatu tofauti zisizosalimiana.

Hatua ya 2: Kubalianeni majina na vipimo

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mifumo mingi hufia kabla haijawashwa.

Kwenye kiwanda kimoja utasikia "mbili kwa sita", "sita mbili" na "ile ya kenchi", zote zikimaanisha mbao moja. Binadamu anaelewa. Kompyuta itahesabu aina tatu za mbao na kukupa majumla matatu ya uongo. Chagueni jina moja, liandikeni ubaoni, na kwenye jedwali la kompyuta wekeni orodha ya kuchagua ili karani asiandike lake.

Kisha vipimo. Magogo yanapimwa kwa mita za ujazo, mbao zinahesabiwa kwa vipande vya inchi na futi. Usipokuwa na daraja kati ya pande hizo mbili, hutajua kamwe gogo lako linaishia wapi.

> KISANDUKU: Daraja la inchi na mita
>
> Kwa mbao za futi 12 zilizochanwa kwa kipimo kamili, mita moja ya ujazo ni takriban:
>
> • 2×2: vipande 106
> • 2×4: vipande 53
> • 1×8: vipande 53
> • 2×6: vipande 35
>
> Ujazo wa gogo: kipenyo cha katikati × kipenyo hicho tena × urefu × 0.785, vyote kwa mita. Gogo la kipenyo cha sentimita 30 (yaani 0.30) na urefu wa mita 3.7 lina mita za ujazo 0.26. Kama lingegeuka lote kuwa 2×4, lingetoa vipande karibu 14. Halitageuka lote: kuna mabanzi, kuna vumbi, kuna upinde.

Kubalianeni pia maana ya maneno. "Kavu" ni nini? Iliyopangwa kwa kupitisha hewa wiki ngapi? "Imeuzwa" ni lini, mteja aliposema ndiyo, alipolipa, au Fuso ilipotoka getini? Mimi hupendelea getini, kwa sababu mbao iliyolipiwa bado inachukua nafasi uwanjani na bado inaweza kuibwa. Wewe chagua lako, ila liwe moja.

Hatua ya 3: Andika pale kazi inapotokea

Niliwahi kumtengenezea mwenye kiwanda mmoja jedwali zuri la kompyuta lenye safu 23. Nilijivunia. Baada ya mwezi nilikuta zote zimejazwa bila pengo, mwandiko safi. Nikafurahi, mpaka nilipoona kila siku mbao zilizoharibika ni 12. Karani alikuwa akijaza saa kumi na mbili jioni, kwa kukumbuka, na zile asizozikumbuka alizitunga kwa ukarimu. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa safu 23 mtu mwenye dakika kumi.

Kwa hiyo:

1. Anayeandika awe yule anayeona tukio. Mchanaji au msaidizi wake anaandika zilizochanwa, wa uwanjani anaandika zilizokauka na zilizotoka.
2. Chombo kiwe kile kitakachostahimili mahali hapo. Kando ya mashine, daftari gumu na penseli hushinda simu yenye kioo. Wino unalowa, penseli hailowi.
3. Msituni ambako mtandao hausomi, karatasi ijazwe hukohuko na ipigwe picha. Picha itumwe gari likifika barabara kuu.
4. Kuingiza kwenye kompyuta kufanyike siku hiyohiyo, kabla karani hajafunga ofisi.
5. Anayepokea fedha asiwe ndiye anayehesabu mbao. Watu wawili tofauti, hata kama mmoja ni mwanao. Hasa kama mmoja ni mwanao.

Hatua ya 4: Jedwali moja, tukio moja, mstari mmoja

Excel kwenye kompyuta ya mezani au Google Sheets kwenye simu inatosha kabisa kwa miezi sita ya kwanza. Safu saba:

• tarehe
• tukio (imechanwa, imekauka, imetoka, imeharibika)
• saizi
• idadi
• rundo namba ngapi
• namba ya risiti au hati ya kusafirishia, kama ipo
• jina la aliyeandika

Usiwe na safu ya salio inayojazwa kwa mkono. Salio linatafutwa na kompyuta: zilizokauka, toa zilizotoka, toa zilizoharibika baada ya kukauka. Mtu akiruhusiwa kuandika salio, ataandika linalopendeza.

Mistari haifutwi. Mtu akikosea anaongeza mstari wa kusahihisha na kueleza sababu. Inaonekana kama usumbufu mpaka siku mzigo utakapopotea, nawe utafute mahali pa kuanzia.

Taarifa ulizo nazo bila kujua

Kabla ya kuanzisha daftari jipya, kusanya zile ambazo mashine za watu wengine zinakuandikia bure.

*Mashine ya risiti ya TRA.* Tangu mashine hizi zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, wafanyabiashara wengi huziona kama jicho la mkusanya kodi. Ripoti yake ya Z ya kila siku ni jumla ya mauzo yako usiyoandika wewe. Ilinganishe na fedha zilizoingia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa angalau miaka 5, basi ukitunza, zisome.

*Namba ya malipo ya serikali.* Tangu 2017 malipo ya serikali yamekuwa yakihamia kwenye mfumo mmoja wa namba za malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Malipo ya magogo ya shamba la serikali, leseni na ushuru yanaacha alama yenye tarehe na kiasi. Ziandike namba hizo kwenye jedwali, na gharama yako ya malighafi itakuwa na uthibitisho.

*Simu ya malipo.* Omba taarifa ya miamala ya mwezi ya namba ya biashara. Kama unatumia namba moja kwa biashara, ada za watoto na michango ya harusi, fungua nyingine leo.

*Luku.* Kwa mashine ya umeme, uniti zilizotumika kwa wiki ukizigawa kwa mita za ujazo zilizochanwa zitakuonyesha wiki msumeno ulipoanza kuwa butu, kabla fundi hajakuambia. Kwa mashine ya dizeli, ile dingdong, fanya hivyo kwa lita.

Kama taasisi yako ni ya umma au ni ushirika, huenda mfumo upo tayari na kazi yako ni kuusoma. Shule na zahanati za serikali zina FFARS kwa hesabu za kituo. Hospitali na vituo vingi vya afya vya serikali vina GoTHOMIS, na vyama vya ushirika vina MUVU, uliowekwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Malalamiko ninayosikia ni kwamba mifumo hii ni ya "kuripoti juu". Ni kweli, lakini hakuna anayekuzuia kuchapa ripoti hiyohiyo na kuiweka mbele ya kamati ya kituo kabla haijasafiri kwenda Dodoma.

Hatua ya 5: Ukurasa mmoja wa Jumatatu

Kila Jumatatu kabla ya saa mbili, ukurasa mmoja. Ukizidi ukurasa, kata. Uwe na:

1. Mbao kavu kwa kila saizi, na ile iliyo chini ya kiwango ulichojiwekea iandikwe kwa rangi nyekundu.
2. Tija ya gogo ya wiki: ujazo wa mbao zilizotoka ukigawanywa kwa ujazo wa magogo yaliyochanwa.
3. Gharama ya kipande kimoja.
4. Wadaiwa watatu wakubwa na siku zilizopita.
5. Fedha iliyopo, na malipo yanayokuja ndani ya wiki mbili.

Mezani wawepo mwenye kiwanda, msimamizi na karani, kwa dakika 20. Kila namba nyekundu itoke na jina la mtu na siku. Kikao kinachomalizika kwa "tutaliangalia" kimekuwa cha chai tu, na asubuhi ya baridi ya Julai sikilaumu, ila usikiite cha uamuzi.

Namba ya pili na ya tatu zinahitaji mfano. Bei nilizotumia ni za kufundishia, weka zako.

Wiki hii umechana mita za ujazo 40. Magogo, usafiri kutoka msituni, vibarua na mafuta vimekugharimu jumla ya shilingi 6,000,000. Zimetoka 2×4 vipande 850. Gawa kwa 53, unapata mita za ujazo 16, yaani tija ya asilimia 40. Kila kipande kimekugharimu shilingi 7,059. Ukiuza 8,500, unabaki na zaidi ya 1,400 kwa kila kipande.

Wiki inayofuata kila kitu ni kilekile, ila magogo ni membamba na msumeno haujanolewa. Tija inashuka hadi asilimia 32. Zinatoka vipande 678. Gharama ya kila kipande sasa ni 8,850. Unauza kwa bei ileile ya 8,500, Fuso inapakia, vijana wanashangilia, na kila mbao inayopita getini inakupeleka chini shilingi 350.

Uwanjani wiki hizo mbili zinafanana. Mbao zimejaa, watu wamechoka, simu zinaita. Tofauti inaonekana kwenye ukurasa wa Jumatatu peke yake.

Hatua ya 6: Jaribu "je, ikiwa" kabla ya kukopa

Sasa uamuzi wa miaka. Mtu anakuuzia msumeno wa mkanda. Jino lake ni jembamba kuliko la msumeno wa duara, kwa hiyo hula mti kidogo. Tuseme bei ni shilingi 60,000,000 na tija itapanda kutoka asilimia 40 hadi 50.

Kwa magogo ya mita za ujazo 40 kwa wiki, utapata vipande 210 zaidi. Kwa 8,500 kila kimoja ni shilingi 1,785,000 za ziada kwa wiki. Mashine itajilipa kwa wiki 34. Muuzaji atakuonyesha hesabu hii hii, huku akitabasamu.

Badilisha namba moja tu. Je, ikiwa kwa wastani wa mwaka, ukihesabu masika na kusubiri vibali, unapata mita za ujazo 15 kwa wiki? Vipande vya ziada vinashuka hadi kama 79, na mashine itajilipa kwa karibu wiki 90, bila kuhesabu riba, umeme na fundi. Swali lako basi halikuwa la mashine. Lilikuwa la magogo, na fedha hizo huenda zingefanya kazi zaidi kwenye kupata mti wa uhakika.

Utaratibu wa jaribio ni huu:

1. Andika kila kadirio kwenye kisanduku chake. Usilifiche ndani ya kanuni.
2. Badilisha moja moja, uone lipi linatikisa jibu zaidi.
3. Lile linalotikisa zaidi, litafutie takwimu zako za miezi 12 iliyopita. Yale mengine yaache yalivyo.
4. Weka hali mbaya: bei ishuke, mvua izidi, mteja mkubwa achelewe kulipa miezi miwili. Ukiona bado unalala, kopa.

Onyo: kipimo nacho huwafundisha watu

Ukimlipa mchanaji kwa idadi ya vipande, atakupa vipande. Vitakuwa vyembamba. Mnunuzi wa Keko, Dar es Salaam, ana futi yake ya chuma, na mzigo utarudi au utauzwa kwa bei ya kutupa. Ukipima tija ya gogo peke yake, mabanzi yataanza kuitwa mbao. Kipimo kimoja kisikae peke yake: idadi iende na unene uliopimwa kwenye vipande kumi vilivyochaguliwa bila mpangilio, mauzo yaende na madeni.

Waambie pia watu wako mnapima nini na kwa nini. Karani anayeamini kwamba jedwali limeletwa kumfukuzisha kazi atalilisha sumu kidogo kidogo, na hutajua.

Usalama, kwa kifupi

• Mbao hazitoki kwa ujumbe wa malipo unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Angalia salio kwenye simu yako.
• Nenosiri moja kwa mtu mmoja. Lililoandikwa ukutani ni la kijiji.
• Nakala ya akiba kila Jumamosi: moja kwenye flashi inayokaa nyumbani, moja mtandaoni. Flashi inayokaa kwenye kompyuta yenyewe itaondoka na mwizi yuleyule.
• Oda za WhatsApp usizifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi.
• Una majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya vibarua na wateja? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu, na Tume yake inasajili wanaokusanya taarifa hizo. Orodha ya wadaiwa haibandikwi mlangoni wala kurushwa kwenye kundi la mtaa.

Kabla ya kununua mfumo

Ukifika miezi sita na jedwali limekuelemea, sasa unaweza kumsikiliza muuza programu. Muulize, na usilipe mpaka kila jibu liwe limeandikwa:

☐ Naweza kutoa data zangu zote siku yoyote, zikafunguka kwenye Excel?
☐ Umeme au mtandao ukikatika katikati ya kuandika, kinapotea nini?
☐ Gharama ya mwezi ni ngapi, na mwaka wa pili?
☐ Lugha ya skrini ni ipi? Karani wangu anasoma Kiswahili.
☐ Fundi yuko wapi? Aliyeko Dar es Salaam atafika lini?
☐ Unaweza kunionyesha maswali yangu matano yakijibiwa, kwa data zangu, hapa hapa?

La mwisho ndilo litakalomtoa jasho. Usimwonee huruma.

Wiki yako ya kwanza

*Jumatatu:* andika maswali matano. *Jumanne:* kubalianeni majina ya saizi na maana ya "kavu" na "imeuzwa", bandikeni ubaoni. *Jumatano:* pangeni marundo na kuyapa namba kwa rangi. Hii itakula siku nzima na watu watanung'unika. *Alhamisi:* hesabuni kila rundo, jedwali lianze na hesabu hiyo. *Ijumaa:* andikeni kila kinachochanwa, kinachokauka na kinachotoka.

*Jumamosi:* chukua penseli, ingia uwanjani wewe mwenyewe, chagua marundo matatu na uyahesabu bila kuangalia jedwali. Kisha linganisha. Ukikuta tofauti ndogo, tafuta sababu pamoja na aliyeandika. Usipokuta tofauti hata ya kipande kimoja, hesabu tena.